Maji ya Moto Yalikuwa Deni

 



Nimeombwa nasaha juu ya amana. Nilianza kuandika yale tunayoyasikia kila Ijumaa, kisha nikaona haya, kwa sababu mwaka huu amana imenikaba koo mimi mwenyewe, tena kwa jambo lisilotajwa mimbarini: hita ya maji iliyoharibika katika nyumba ya kupangisha. Basi nitawasimulia hilo. Wengi wenu ni wapangaji leo, na baadhi yenu mtakuwa wenye nyumba kesho, inshallah.

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alituachia nyumba Nkoma, Mbale, mwendo wa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Kiislamu. Ina vyumba sita, kila chumba wanakaa mabinti wawili, na nyuma kuna mabafu mawili yanayopata maji ya moto kutoka kwenye hita moja ya umeme, tangi kubwa la chuma lililofungwa ukutani tangu nyumba ilipojengwa. Sisi tunaishi Jinja, Mpumudde. Warithi ni mama, mimi, mdogo wangu wa kiume wa miaka 13, na dada zangu watatu, wa mwisho ana miaka 11. Kwa hiyo ndani ya kila shilingi ya kodi inayotoka Mbale imo sehemu ya yatima, na mimi ndiye niliyeachiwa kuisimamia.

Aliyezoea Jinja hawezi kuijua baridi ya Mbale mpaka alale huko. Maji ya mji ule hutoka kwenye mito inayoshuka Mlima Elgon, na mwenye kutia udhu wa Alfajiri mwezi wa Julai anajua mlima huo uko karibu kiasi gani. Mvua zikizidi, bomba hutoa maji mekundu ya udongo. Udongo huo huingia ndani ya hita na kutulia chini, na huko hula chuma taratibu bila mtu kuona.

Mwezi wa Februari hita ilikataa kuchemsha. Fundi akabadilisha thamostati, nikatoa shilingi 150,000. Wiki tano hazijapita ikakataa tena, safari hii koili imekufa, nikatoa 120,000. Mara ya tatu lilianza kuvuja. Fundi alipanda ngazi, akakaa juu muda mrefu, akashuka akaniambia kwa simu: "Shehe, tangi limeoza chini, na valvu ya usalama imeganda. Naweza kuchomelea, lakini hii ni kufunga plasta kwenye donda. Nunua jipya." Hita mpya yenye ukubwa ule, pamoja na mabomba na ufundi, ilikuwa shilingi 1,400,000. Kuchomelea ni 210,000. Karo za wadogo zangu zilikuwa zinangoja. Nikamwambia achomelee.

Kati ya matengenezo hayo mabinti walikaa bila maji ya moto siku 41 kwa jumla. Niliwahesabia baadaye, wakati huo sikuhesabu. Mmoja wao alipoandika ujumbe kwa adabu kuuliza lini fundi atakuja, nilimjibu kwa Hadithi. Nilimkumbusha kwamba katika mambo ambayo Allah hufuta kwayo madhambi ni kukamilisha udhu wakati wa tabu, pamoja na hatua nyingi za kwenda msikitini na kungoja swala baada ya swala. Hadithi hiyo ni sahihi, ameipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Binti akajibu, "Jazakallahu khayran, Shehe." Nami nikalala usingizi mzuri.

Angalieni nilichofanya. Hadithi ile inampa bishara mtu aliyefikwa na baridi. Haimpi ruhusa mtu mwingine kumletea baridi hiyo, tena baada ya kuchukua pesa zake. Ingekuwa hivyo, mwizi wa viatu msikitini angedai anatuongezea thawabu za kutembea pekupeku. Tena dini yenyewe haikuifanya baridi kuwa jambo la mzaha. Katika vita vya Dhat as-Salasil, mwaka wa 8 Hijria, Amr ibn al-As (r.a.) alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuoga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Aliposhtakiwa kwa Mtume (s.a.w.) alijitetea kwa aya ya Sura An-Nisaa inayokataza mtu kujiua. Mtume alicheka na hakumkemea. Ikiwa sheria imemhurumia mtu aliye safarini jeshini, mimi ni nani hata niwafanyie ukali mabinti wa watu waliolipa kodi ya muhula mzima kabla hawajafungua mabegi?

Kilichoniamsha hakikuwa elimu. Siku kumi na mbili baada ya kuchomelea, binti wa mwaka wa pili alishika bomba la bafuni akitia udhu, akapigwa na umeme. Alianguka, akaumia kiwiko, Allah akamhifadhi. Lakini hili ndilo lililoniuma zaidi: alikaa siku tatu bila kuniambia. Wenzake walipomuuliza alisema anaogopa wakilalamika tena nitapandisha kodi. Niliposikia hivyo niliamrisha swichi izimwe kwenye mita, nikapanda taksi siku ileile kupitia Iganga na Tirinyi, na saa zote tatu za njiani sikuwa na la kujitetea.

Nilichukua fundi mwingine, ambaye hakuwa na hisa katika jibu. Nasema hivyo kwa sababu Qur'ani inatuamrisha kuwauliza wenye ujuzi, ila mwenye ujuzi naye ana tumbo. Fundi anayepata kamisheni dukani atakuambia nunua mpya. Fundi anayeishi kwa kuitwa kila mwezi atakuambia tutengeneze. Huyu nilimlipa ada ya kukagua tu, nikamwambia kazi yenyewe hatafanya yeye. Wanafunzi wa uhandisi mnaosoma hapa, muikumbuke njia hiyo, na mkumbuke pia kwamba siku moja nyinyi ndio mtakaoulizwa.

Alinionyesha mambo mawili. La kwanza, koili ilikuwa imepasuka ganda, umeme unavuja kwenye chuma. Waya wa ethi ulikuwepo, lakini ulifungwa kwenye bomba la zamani la chuma linaloingia kutoka barabarani. Miaka kadhaa nyuma bomba hilo lilikatwa na kuunganishwa kwa plastiki, na tangu siku hiyo waya ule ulikuwa pambo. Umeme uliovuja haukuwa na njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia mkono wa mtu mwenye maji. La pili ni ile valvu ya usalama iliyoganda. Thamostati ikikwama upande wa kuwasha, maji hupita kiwango cha kuchemka kwa kuwa yamefungiwa, presha hupanda, na tangi lililooza likipasuka sehemu ya maji hugeuka mvuke kwa mara moja. Aliongea taratibu, kama anayesoma bei ya vitunguu. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wenyewe.

Niliporudi Jinja nilikwenda kwa mwalimu wangu, mzee aliyetusomesha Minhaj tulipokuwa vijana. Nilimuuliza swali kama nilivyolibeba kichwani: je, niitengeneze au ninunue mpya, na hii ni mali ya yatima? Hakunijibu. Akauliza, "Ulipowapangisha uliwaambia nini?" Nikakumbuka karatasi ambayo mwenyewe niliibandika kwenye mbao za matangazo: chumba, usalama, maji ya moto. Akasema, "Basi maji ya moto umeyauza. Hilo la kwanza ulilipe kama deni. Mambo ya kutengeneza au kununua kamuulize fundi, si mimi."

Kisha akanifungulia kitabu mahali ambapo nilipasoma zamani bila kupaelewa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, anaeleza kwamba matengenezo ya nyumba ya kupangisha yako juu ya mwenye nyumba. Akiharakisha kuitengeneza, mkataba unaendelea. Asipofanya hivyo, mpangaji ana hiari ya kuuvunja. Na ametaja hata theluji: ya juu ya dari ni kazi ya mwenye nyumba kuiondoa, ya uani ni kazi ya mpangaji. Tulipokuwa vijana tuliicheka ile theluji, maana nani ameiona Uganda zaidi ya wapandao Rwenzori? Lakini Nawawi aliishi Sham, ambako theluji huangusha dari, na mwanachuoni yule hakuona ni jambo dogo kuamua nani ashike koleo. Ukiiondoa theluji ukaweka hita, hukumu inabaki ilivyo. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022, inayomtaka mwenye nyumba aiweke katika hali inayofaa mtu kuishi. Wanafunzi wa sheria mtaifafanua kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba aliyesoma fikihi hakupaswa kungoja Bunge.

Nikamwambia mwalimu: lakini Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na kutia kiraka nguo yake, kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.). Kutengeneza ni Sunna, na kutupa kitu ambacho bado kinafaa ni israfu. Akakubali yote. Akasema matengenezo ya kwanza yalikuwa Sunna, na ya pili yana udhuru. Ya tatu, baada ya kuambiwa na mjuzi kwamba tangi limekufa, hayakuwa kiraka cha Mtume. "Kiatu anachoshona mtu anakivaa mwenyewe," alisema. "Wewe umeshona, akavaa binti wa mtu."

Hapo ndipo mali ya yatima ilipobadilika sura mbele yangu. Nilikuwa nikiitumia kama ngao: siwezi kununua hita mpya, hizi ni pesa za watoto. Ni kweli Qur'ani katika Sura Al-An'aam na Al-Israa imekataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora. Lakini njia bora si kuibana isitumike. Umar ibn al-Khattab (r.a.) alihimiza mali za mayatima zifanyiwe biashara ili zaka isizimalize, maana yake mali iliyolala nayo inakufa. Nyumba isiyokalika haiwalishi mayatima, na nyumba iliyoua mtu itawafanya mayatima wengine. Shilingi 480,000 zilikuwa zimekwisha kwenye plasta, zaidi ya theluthi ya bei ya hita mpya, na mabafu bado yalikuwa na baridi. Nani aliyekuwa akila mali ya yatima hapo? Si wapangaji.

Baba alipenda kutupitisha Main Street ya Jinja na kutuonyesha zile nyumba kongwe za ghorofa, zenye majina ya Wahindi na miaka ya ujenzi iliyochongwa juu. Wenyewe walifukuzwa na Amin mwaka 1972, na baada ya sheria ya 1982 wengine walirudi kudai mali zao. Baba alikuwa akisema ungeweza kutambua kwa macho nyumba iliyokaliwa na mtu aliyejua mwenyewe yupo, na ile iliyokaliwa na mtu aliyedhani mwenyewe hatarudi kamwe. Sijui ni kwa nini sikumkumbuka baba mapema.

Kikao cha familia hakikuwa chepesi. Mama alitaka kujua kwa nini hita ya miaka yote ife mwaka ambao yeye ni mjane. Dada yangu mkubwa alipendekeza tung'oe kabisa, mabinti wachemshe maji kwenye sigiri kama tulivyochemsha sisi. Pendekezo hilo si baya kwa muhula ujao, ukimwambia mpangaji mapema na kodi ikapungua. Kwa muhula uliokwisha lipwa ni dhuluma. Tukazungumzia pia ya jua. Bei ilikuwa mara tatu, tukaiacha mpaka Allah atujaalie, ingawa ingetupunguzia Yaka. Kijana mmoja wa jirani, mwenye hamu ya fikihi, alituonya kwamba maji yaliyopashwa na jua ni makuruhu katika madhehebu yetu ya Shafii. Limo vitabuni, lakini lina masharti yake ya chombo cha madini na nchi ya joto kali, na Nawawi mwenyewe katika Majmuu ameona dalili ya ukaraha huo haina nguvu. Kwa hiyo anayetaka ya jua na anunue kwa amani.

Tuliamua kununua mpya ya umeme, yenye valvu mpya, waya wa ethi uliochimbiwa fimbo yake ardhini, na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Gharama ya hita iligawanywa kama mirathi inavyogawanywa: mama thumuni, shilingi 175,000, kila dada 175,000, mimi na mdogo wangu 350,000 kila mmoja. Sehemu za mayatima zilitoka kwenye kodi yao, kwa sababu mwalimu aliona huko ni kuihifadhi mali yao. Lakini yale matengenezo ya tatu, shilingi 210,000, alinitaka niyarudishe mfukoni mwangu. Msimamizi hadhamini hasara iliyokuja bila kosa lake, ila anadhamini aliyoizembea. Na fidia ya siku 41, shilingi 20,000 kwa kila binti, yaani 240,000, nayo ikawa juu yangu. Nailipa kidogo kidogo. Karo ya muhula huu imechelewa, na mdogo wangu ananitazama kwa jicho ambalo nimelistahiki.

Katika kurudisha zile 20,000 nilijifunza kitu. Shauri langu la kwanza lilikuwa kuwaomba mabinti wanisamehe. Mke wangu akauliza, "Mtu anayeogopa utapandisha kodi atakuambia hasamehi?" Msamaha wa haki sharti utoke kwa moyo ulio huru. Kwa hiyo nilituma pesa kwanza kwenye simu zao wote, nikaandika kwamba ni haki yao na kodi haitapanda mwaka huu. Wawili walirudisha, wakasema ni sadaka kwa baba. Kumi walichukua, na walifanya sawa kabisa. Yule aliyeumia kiwiko nilikwenda na mke wangu kumwona na kulipa gharama za kliniki. Hakusema mengi. Sikumuomba aseme.

Sasa niwageukie nyinyi wapangaji, maana sitaki muondoke hapa mkiwa na mashtaka ya upande mmoja. Nyumba mikononi mwa mpangaji ni amana. Kikiharibika kitu kwa matumizi ya kawaida hudaiwi chochote. Kikiharibika kwa kuvuka mpaka au kwa uzembe, unadaiwa. Fundi alikuta katika vyumba viwili koili za kuchemshia maji ndoo, zimechomekwa kwenye soketi moja na pasi na chaja nne, plastiki ya soketi imegeuka rangi ya kahawa. Hiyo haikuua hita yangu, lakini ingeweza kuchoma nyumba ya yatima usiku mmoja. Na kuficha kasoro ni kosa pia. Mnaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta umande chini, na mwenye mali akasema ni mvua. Mtume alimuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, akamtoa mdanganyifu katika safu yake. Mwenye nyumba anayepaka rangi ukuta unaovuja ni huyo. Mpangaji anayevunja sinki, akaliegesha vizuri na kurudisha funguo siku ya kufunga chuo, ni huyohuyo.

Ukipigwa na umeme au ukinusa waya unaungua, sema siku hiyohiyo. Andika, usiseme kwa mdomo tu, weka tarehe na picha. Mwenye nyumba akikujibu kwa Hadithi, mwambie kwa heshima kwamba umeipokea, na unamngoja fundi.

Limebaki tangi la zamani. Lilikaa uani wiki mbili. Akaja mtu anayejenga gesti Namatala, akalizunguka, akagonga pale palipochomelewa na kupakwa rangi ya fedha. Akataja 150,000. Nilikuwa nadaiwa 450,000 wakati huo, nakumbuka vizuri. Nikamwonyesha tundu, nikamweleza habari ya valvu. Akasema yeye ana fundi wake, atalichomelea, wageni wa gesti hawakai zaidi ya usiku mmoja. Nikamwambia haliuzwi. Nikamwita fundi alikate vipande viwili na mashine. Lilipofunguka, ndani palikuwa na udongo mwekundu wa mlimani umejaa karibu robo, na chuma cha chini unakibomoa kwa kidole.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipima kilo 24, akalipa shilingi 36,000. Ni mali ya warithi, kwa hiyo niliigawa kama ile nyingine: mama 4,500, mimi na mdogo wangu 9,000 kila mmoja, dada zangu 4,500 kila mmoja. Za yule wa miaka 11 nimeziandika katika daftari lake, mstari ulio chini ya zile 175,000.